Michirizi ya Fedha Katika Majani ya Mdimu

Katika nyumba nyingi za mwambao, mdimu ni mti wa uani kabla haujawa mti wa shamba. Husimama karibu na kisima au nyuma ya jiko, naye mama wa nyumba huujua kama ajuavyo vyungu vyake: anajua tawi lipi huzaa ndimu zenye maji, na mwiba upi huuvizia mkono. Ndiyo maana aghalabu yeye huwa wa kwanza kuona kwamba majani machanga yamejikunja kama karatasi iliyofinywa kiganjani, na juu yake imepita michirizi ya rangi ya fedha inayozungukazunguka mithili ya njia ya konokono ukutani. Hazipiti siku nyingi majirani huanza kutoa hukumu. Mmoja husema mti umepigwa jicho, mwingine husema ni ukungu wa mvua, na wa tatu huenda kuleta panga.

Huyo wa tatu ndiye tunayemhofia zaidi, na sababu yake tutaieleza.

Michirizi ile si ukungu wala si husuda. Ni kazi ya kiwavi wa nondo mmoja mdogo ambaye wataalamu humwita Phyllocnistis citrella. Kwa Kiswahili wadudu wa aina hii, wanaochimba ndani ya majani, huitwa vidomozi, na jina hilo hupewa pia yule wa nyanya aliyewaliza wakulima wetu miaka ya karibuni. Hawa wawili si mdudu mmoja. Huyu tunayemzungumzia hapa chakula chake ni jamii ya michungwa: mdimu, mlimau, mchungwa, mchenza na mbalungi. Mwembe wako na mpera wako hana haja nao.

Nondo mwenyewe ni vigumu kumwona hata kwa anayemtafuta. Akitandaza mabawa, upana wake wote ni kama milimita 4 hivi, yaani hafikii urefu wa punje ya mchele. Rangi yake ni nyeupe yenye mng'ao wa fedha, na kwenye ncha ya kila bawa la mbele ana doa jeusi mfano wa tone la wino. Mchana hujibanza, hutoka magharibi, usiku na alfajiri. Maisha yake akiwa nondo hayazidi wiki moja au zaidi kidogo, lakini katika muda huo jike anaweza kutaga mayai zaidi ya 50. Huyataga moja moja, aghalabu upande wa chini wa jani changa karibu na mshipa wa kati, na kila yai huonekana kama kitone cha umande.

Maajabu yako kwa mtoto. Yai likianguliwa, kiwavi hatoki nje hata mara moja. Hutoboa chini ya yai lenyewe na kuingia moja kwa moja ndani ya jani, akakaa kati ya ngozi yake na nyama yake, mahali ambapo sisi tusingedhani pana nafasi ya kitu chochote kilicho hai. Ni bapa, hana miguu, rangi yake ni kijani kinachoelekea manjano, na akikua kabisa urefu wake ni milimita 3 tu. Mdomo wake umeumbwa kama wembe: hukata chembechembe za ngozi ya jani na kunywa maji yake, akisonga mbele kidogo kidogo. Anapopita, ngozi ya juu hubaki kama utando wa nta uliobanduka. Hewa huingia chini ya utando huo, na jua likipiga, hung'aa kama fedha. Mstari mweusi unaopita katikati ya mchirizi ni kinyesi chake.

Kiwavi huyu hana uwezo wa kuhama. Jani alimozaliwa ndimo atakamomaliza utoto wake. Hawezi kutoka na kuingia jani jingine. Akishiba, hufika ukingoni, huacha kula, hutoa uzi wa hariri na kuuvuta ukingo wa jani ujikunje juu yake kama mwavuli. Ndani ya kikunjo hicho hubadilika akawa nondo. Kwenye joto kama la kwetu, safari nzima tangu yai hadi nondo yaweza kumalizika kwa muda wa wiki mbili tu. Kwenye nchi za baridi huchukua hata wiki saba. Ukitaka kuyaona haya kwa macho, chuma jani lenye mchirizi mpya, liinue dhidi ya jua, na utamwona mwenye nyumba amelala mwisho wa njia yake. Watoto hulifurahia jambo hili, na ni somo la maumbile lisilohitaji karo.

Kidomozi hawezi kuliingia jani lililokomaa, kwani ngozi yake imekwisha kuwa ngumu. Anachokitaka ni chipukizi: majani laini, membamba, yenye kung'aa, yale yanayotoka kwa pamoja baada ya mvua. Ndiyo maana huku pwani michirizi huzidi mvua za masika zinapouamsha mti, na tena wakati wa vuli. Ndiyo maana pia mdimu na mlimau huteseka kuliko mchungwa. Mchungwa hutoa majani mapya kwa misimu, kisha hupumzika. Mdimu hauna subira hiyo, huchipua mara kwa mara, na kila unapochipua huwa umeandaa karamu.

Sasa turudi kwa mwenye panga. Mtu akiona matawi yote ya juu yana majani yaliyokunjamana, moyo humtuma kuyakata na kuyatupa, akidhani ameondoa maradhi. Lakini mti uliokatwa hujibu kwa kuchipua. Baada ya wiki chache utavaa majani mapya laini kila upande, wakati uleule ambapo nondo ni wengi, na kila jani litapata mgeni wake. Mwenye mti atakata tena. Nao mti hupungukiwa mara mbili, kwa sababu jani lililochorwa si jani lililokufa. Kiwavi ameula utando wa ngozi tu. Sehemu kubwa ya kijani iliyo ndani, ambayo ndiyo jiko la mti, bado inapika chakula. Chuo Kikuu cha California, kilichowashauri wenye nyumba wengi wenye mlimau mmoja au miwili uani, huwaambia wasiyaondoe majani hayo, na kwamba mti uliopita miaka minne au mitano hauhitaji dawa yoyote kwa ajili ya mdudu huyu. Utaonekana vibaya kwa muda, utaendelea kuzaa.

Tunajua ushauri wa kutofanya kitu ni mgumu kuupokea, hasa pale jirani anapopita na kuuliza mbona unauacha mti wako ufe. Mwache aulize.

Mahali pa kufanya kitu ni kwenye miche. Mche wa mwaka mmoja una majani machache, na karibu yote ni machanga. Vidomozi wakiuingia, hakuna majani ya zamani ya kuulisha. Hudumaa, kilele chake hujipinda, na ukuaji wake hurudi nyuma. Kwa mama anayeotesha miche kwenye mikebe na mifuko ya plastiki barazani ili auze, au kwa kikundi cha akina mama chenye kitalu cha pamoja, hiyo ni hasara ya fedha taslimu. Mnunuzi hachukui mche uliojikunja, hata ukimweleza sayansi yote. Na mche wa kuunga umekwisha kugharimu mbegu, shina la kuungia, kazi ya fundi na miezi ya kumwagilia maji kabla haujafika sokoni. Kama una nguvu kidogo na fedha kidogo za kupambana na kidomozi, usizigawe uani kote. Zipeleke zote kwenye miche.

Kuhusu dawa, kuna jambo ambalo muuzaji dukani huenda asikwambie. Dawa ya kawaida ya kunyunyizia huua kile inachokigusa, na kiwavi wetu hagusiki: yumo ndani ya jani, amejifunika. Wanaoguswa ni wengine. Kati yao kuna nyigu wadogo mno, wa kiasi cha milimita moja, wasiouma mtu, ambao kazi yao ni kumtafuta kiwavi ndani ya mchirizi na kutaga yai juu yake au ndani yake. Kuna pia buibui, sisimizi na wadudu wengine wanaomla. Anayepulizia mti mzima dawa kali, basi, humhifadhi adui na kuwaua askari. Zipo dawa zinazopita mizizini na kupanda hadi kwenye majani, nazo humfikia kiwavi, na kwenye vitalu vikubwa vya biashara hutumika. Lakini baadhi yake huwadhuru nyuki vibaya, na mdimu wenye maua hutembelewa na nyuki kutwa. Si dawa za kuchezewa uani.

Habari ya nyigu hao ilipata umaarufu mbali na kwetu, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako michungwa ni utajiri wa jimbo. Jina la nondo huyu lilitolewa mwaka 1856 na Mwingereza Henry Tibbats Stainton kutokana na vielelezo vya Calcutta nchini India, na asili yake ni Asia, kama ilivyo asili ya michungwa yenyewe. Mti ulitembea duniani, mdudu akaufuata nyuma, wakati mwingine akichelewa kwa karne kadhaa. Sudan ilikuwa ikimjua tangu miaka ya 1960. Florida ilimwona kwa mara ya kwanza Mei 1993, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameenea kwenye mashamba ya jimbo zima. Miaka hiyohiyo alizifikia Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia na Uturuki.

Wataalamu wa Florida, akiwamo Marjorie Hoy wa Chuo Kikuu cha Florida, waliamua kumtafutia mdudu huyo adui wake wa asili. Mwaka 1994 waliagiza kutoka Australia nyigu aitwaye Ageniaspis citricola, ambaye Australia nayo ilikuwa imemchukua Thailand. Nyigu huyu ana tabia ya ajabu: yai moja alilolitaga ndani ya mwenyeji wake hujigawa, yakatoka makinda kadhaa badala ya mmoja. Aliachiliwa mashambani, akakaa, akazaana. Kidomozi hakutoweka Florida, na hadi leo yupo, ila alipata wa kumpunguza. Huku kwetu nasi tunao nyigu wadogo wanaowashambulia wadudu wachimba majani, na kuwaacha hai hakutugharimu hata senti.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa dawa, na hii inahusu jikoni zaidi kuliko shambani. Chungwa humenywa, ganda likatupwa. Ndimu si hivyo. Ndimu ya achari hukatwa vipande vinne, ikatiwa chumvi na pilipili, ikaanikwa juani, ikaliwa pamoja na ganda lake. Chochote kilichonyunyiziwa juu ya ganda hilo wiki iliyopita kitafika sahanini, na katika mwezi wa Ramadhani kitafika katika kila sahani ya futari. Kila dawa iliyosajiliwa huandikwa kwenye chupa siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyizia na kuchuma. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa bila karatasi haina maandishi hayo, wala hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Chupa ya soda yenye dawa iliyowekwa chini ya meza ya jiko ni hatari kuliko vidomozi wote wa mwambao, kwani mtoto mwenye kiu hajui kusoma.

Kwa miche, tunao mwarobaini, mti ambao pwani hii haina upungufu nao. Kokwa za mbegu zake zilizokauka hutwangwa, gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, zikalowekwa usiku kucha, maji yakachujwa kwa kitambaa na kutiwa sabuni ya maji kidogo ili yashike kwenye majani. Hunyunyizwa jioni, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake upesi, na hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10 muda wote ambao chipukizi zinaendelea kutoka. Lenga hasa upande wa chini wa majani. Mwarobaini hautamaliza kila kiwavi, lakini hupunguza wengi na kuwakera nondo wasitage. Mafuta maalumu ya kunyunyizia miti, yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, nayo husaidia kwa njia hiyohiyo: nondo hapendi kutaga juu ya jani lililopakwa mafuta. Maji ya mwarobaini yanayobaki yasiwekwe mahali ambapo mtoto atayafikia. Kuwa ya mti hakuyafanyi kuwa kinywaji.

Mbolea nayo ina wakati wake. Samadi nyingi au mbolea yenye naitrojeni, ikitiwa wakati nondo wamejaa, huleta majani laini mengi, nasi tumekwisha kuona nani huyafurahia. Afadhali kuitia mapema mvua zinapoanza, mti uchipue mara moja kwa pamoja na majani yakomae pamoja, kuliko kuitia kidogo kidogo mwaka mzima. Na yale machipukizi marefu yanayopanda kwa kasi kutoka chini ya mahali pa kuunga, hayo ndiyo pekee ya kukatwa bila huruma. Hayatazaa tunda ulilolipanda, na kazi yake kubwa ni kuwalea vidomozi.

Palipo na hatari ya kweli ni pale mdudu anapokutana na maradhi. Upo ugonjwa wa bakteria unaotia majani na matunda ya michungwa madonda yaliyoinuka kama magamba, yenye duara la manjano pembeni. Bakteria hao huingia kwa urahisi kupitia ngozi iliyochanwa na kidomozi. Florida iliugundua upya ugonjwa huo mwaka 1995, miaka miwili baada ya nondo kufika, ikakata na kuchoma mamilioni ya miti katika juhudi za kuufuta, na mwaka 2006 ikaiacha kampeni hiyo bila kufaulu. Wengi wa waliokatiwa miti walikuwa watu wa kawaida wenye mti mmoja nyuma ya nyumba.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna jambo letu la kulichunga zaidi ya hilo. Mdudu mwingine kutoka Asia, Diaphorina citri, anayefyonza utomvu wa chipukizi, amekwisha kugunduliwa Tanzania na Kenya tangu katikati ya miaka ya 2010. Yeye hachori kitu. Hubeba maradhi yasiyo na tiba, ambayo huufanya mti utoe majani yenye mabaka ya manjano yasiyofanana pande mbili za mshipa wa kati, na matunda madogo, yaliyopinda, yenye uchungu. Mama anayejua kutofautisha ataokoa mengi: mchirizi wa fedha na jani lililojikunja ni kidomozi, si la kukesha nalo, mabaka ya manjano na matunda yaliyokwenda upande ni la kumwita afisa wa kilimo wa wadi siku hiyohiyo. Na kwa kuwa maradhi haya husafiri ndani ya miche, mche usionunuliwe kwa sababu ni rahisi tu. Machungwa ya Muheza yanavuka mpaka wa Lungalunga na kufika Kongowea kila msimu, na tunayala kwa raha. Lakini tunda la kuliwa ni jambo moja, na mche wenye majani usiojulikana ulikolelewa ni jambo jingine. Uliza kitalu kimesajiliwa, geuza majani uyatazame chini, na ukiona mashaka rudi nyumbani mikono mitupu.

Wengine huuliza kama ndimu zinazochumwa kwenye mti wenye michirizi zinafaa kuliwa. Zinafaa. Kidomozi ni mdudu wa majani, mara chache sana huchora ganda la tunda changa, na hata hapo maji ya ndani hayana dosari.

Na jambo la mwisho kwa anayetaka kwenda dukani kesho. Majani ya mdimu hukaa mtini muda mrefu, na kovu la kidomozi hukaa nayo. Mchirizi ulioonekana Mei unaweza kuwapo bado Januari, umekauka, umegeuka rangi ya udongo, na ukingo wa jani umebaki na kikunjo kitupu ambacho nondo alikwisha kutoka zamani. Kabla ya kufungua mkoba, chuma majani kumi na uyainue juani. Usipomwona kiwavi katika hata moja, hakuna cha kunyunyizia.